Taa ya Upande wa Pili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mama anakuja Jumamosi. Dada kapiga simu asubuhi, kwa ile sauti yake ya mwenyekiti wa kikao. Kasema Mama anakuja kuitazama nyumba, kisha ataamua: arudi kuishi hapa nami, au abaki kwake moja kwa moja. Shemeji anataka jibu mapema ili anunue kitanda kipya. Shemeji na haraka zake. Mwaka juzi tulipomzika Baba walimchukua Mama akapumzike kidogo tu. Mapumziko gani hayo yasiyo na mwisho.

Nikakaa sebuleni, nikajaribu kuitazama nyumba kwa macho ya Mama. Meza ile ile. Saa ya ukutani ile ile, imesimama. Cherehani chake kwenye pembe karibu na dirisha, kimefunikwa shuka. Nikakifunua. Bado kinanuka mafuta! Nikawa tena mtoto, nimelala chini yake juu ya vipande vya vitambaa, mguu wa Mama unapanda na kushuka karibu na sikio langu, na mwanga umetumwagikia sote wawili. Sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule, na godoro ninalo.

Hapo ndipo nilipogundua tatizo. Taa haipo pale. Taa ipo katikati ya chumba, juu ya meza. Pembe ya cherehani ni giza tupu. Na mimi nakumbuka vizuri kabisa kwamba taa ilikuwa juu ya cherehani. Mtu kaihamisha, sijui nani, sijui lini.

Uamuzi: taa irudi mahali pake kabla ya Jumamosi. Mama asiambiwe. Aingie, abonyeze swichi, aone pembe yake inang'aa, machozi yamlengelenge, Shemeji akiache kitanda dukani.

Kazi imeanza leo leo. Nimezima umeme, nimepanda ngazi ya Baba. Ngazi inacheza. Waya wa taa ni mrefu ajabu, umekunjwa ukafungwa fundo kubwa huko juu karibu na dari. Uzembe wa mafundi wa zamani. Nimekata ziada yote, nikaunganisha upya, sasa unapendeza. Kile kipande nimefungia miguu ya ngazi, haichezi tena. Halafu kule juu ya cherehani, pale pale nilipotaka kuweka alama ya tundu jipya, nikakuta kulabu kubwa ya chuma. Imepakwa rangi ya dari mara nyingi hata karibu isionekane. Sura mbaya. Nimeing'oa. Nimeitupa kwenye kopo la misumari la Baba.

Siku njema sana. Mwanzo mwema ni nusu ya kazi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimempigia Mkuu wa Ghala, bosi wangu kule tunakopokea vifurushi, nikamwambia shingo imekaza, siwezi kugeuka. Kanipa ruhusa. Kasema pole. Nimeona haya kidogo, ila si sana.

Nikaenda kwa fundi umeme. Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila mtu. Nikamweleza. Akaniuliza juu ya dari yangu kuna nini. Nikamwambia juu ya dari yangu kuna sakafu ya Mwalimu, na katikati ya dari na sakafu kuna boriti. Akasema basi kila kitu kinategemea boriti zimelala upande gani. Kama zimeelekea kwenye cherehani, waya utapita kati yake bila shida. Kama zimekatiza njia, kila boriti ni ukuta, na dawa ni kufungua sakafu huko juu. Akasema pia ipo njia ya tatu, kupitisha waya kwa nje, chini ya dari, ndani ya mfereji wa plastiki. Nikamwambia sebule ya mama yangu si ofisi ya ushuru. Nikamwuliza atakuja lini. Akasema kesho. Nikaaga.

Kwa Mwalimu nilipanda nimechomekea shati. Alinifundisha darasa la nne, sasa amestaafu, lakini mbele yake mimi bado nina madoa ya wino. Nikatoa shikamoo. Akaitikia, akaniita wewe wa dawati la nyuma. Nikamwomba afungue mbao mbili tu za sakafu, kwa muda mfupi tu. Akanionyesha sakafu yake. Imepigwa vanishi mwezi uliopita, unajiona uso. Akasema hata aje nani, hafungui ubao hata mmoja. Kasimama mlangoni mpaka nikafika ngazi ya mwisho.

Jioni Dada kapiga tena. Nikamdokezea habari ya taa. Akacheka. Kasema nimechanganyikiwa, taa haijawahi kuwa kwenye cherehani, ilikuwa juu ya meza tangu dunia iumbwe, na yeye alifanyia hesabu zake zote hapo. Nikamwambia yeye ndiye aliyechanganyikiwa. Akasema muulize Mama. Nikamwambia Mama asiulizwe chochote, ni siri. Akasema haya, akili ni nywele. Mimi nina upara na anajua.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo ni siku ya boriti. Nimeitoa keekee ya mkono ya Baba kutoka uvunguni. Mpini wake umelainika kwa kiganja chake, ukiushika unajua vidole vyake vilikaa wapi. Baba akitoboa kitu alikuwa ananiita nipulize unga wa mbao. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niliamini bila pumzi yangu hakuna tundu linaloweza kutoboka. Leo nimetoboa mwenyewe na nimepuliza mwenyewe. Unga wote umenirudia machoni.

Tundu la kwanza: boriti. La pili: uwazi. La tatu: boriti tena. Nikashuka, nikachora kwenye karatasi, nikageuza karatasi, nikaelewa. Boriti zimekatiza njia. Zote. Kutoka kwenye taa kwenda kwenye cherehani ni boriti baada ya boriti.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikajikaza kisabuni. Nikanyoosha hengi ya waya ya kutundikia nguo, nikaipinda ncha, nikaiingiza kwenye tundu la taa nikitafuta mwanya wowote juu ya boriti. Imeingia yote. Haijatoka mpaka sasa. Nikaingiza ya pili ikaivute ya kwanza. Zimekaa huko pamoja.

Nikaona heri nilipanue tundu la taa ili mkono upite. Mkono umepita. Kilichopatikana: vumbi, kipande cha gazeti, na gololi yangu ya kijani. Nimeitambua palepale. Ilipotea nikiwa darasa la kwanza, na nilimsingizia Dada, na Dada alichapwa. Imefikaje darini sijui. Nimeiosha nikaiweka mfukoni.

Shemeji kanitumia picha ya chumba cha Mama huko kwao. Taa sita zimezama darini, zote zinawaka mchana. Chini kaandika kwamba kila kitu kilifanyika siku moja.

Shingo inauma. Inauma kweli sasa. Mungu hadhihakiwi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Paka! Mkono haupiti juu ya boriti, hengi haipiti, lakini paka ni paka. Unamfunga uzi, unamwingiza upande huu, unamwita kwa samaki mkavu upande ule. Akitoka, uzi unavuta waya, kazi imekwisha. Nilishangaa mafundi hawalijui jambo hili.

Paka aliyepo ni mmoja tu, wa Mwalimu. Mnene, wa kijivu, Mwalimu humwita Mkaguzi. Hushinda kwenye ngazi za nje akitazama watu waliochelewa kazini. Nikamrai kwa kichwa cha samaki, akaingia ndani kama mwenye nyumba. Nikachukua uzi mweusi wa Mama kwenye droo ya cherehani, nikaufunga kwenye ukanda wake wa shingoni. Uzi wenyewe ulinishika roho kidogo. Ni ule wa suruali za shule. Mama alishonea watoto wa mtaa mzima uzi ule, na mimi nilikuwa namwekea uzi kwenye sindano kwa sababu alisema nina macho ya mwewe.

Nikambeba ngazini, Mkaguzi akaingia tunduni bila ubishi. Nikakimbilia upande wa cherehani, nikatoboa tundu kubwa la kutokea, nikaning'iniza samaki. Kimya. Nikaita. Kimya. Kisha uzi ukaanza kwenda. Unakwenda, unakwenda. Nikafurahi mno. Ukasimama. Nikavuta kidogo kumkumbusha. Ukavutwa. Nikavuta. Ukavutwa kwa nguvu, karibu nianguke ngazini. Nikasema mwenyewe huyu paka ana mabega. Tukavutana hivyo mpaka uzi ukakatika, na ndipo nikasikia nyundo juu ya kichwa changu.

Kumbe Mkaguzi hakuvuka boriti hata moja. Alifuata uwazi mmoja moja kwa moja mpaka chini ya chumba cha kulala cha Mwalimu, akalia. Mwalimu akasikia mwanawe analia chini ya kitanda. Akamwita seremala. Seremala akafungua mbao. Mbao zile zile! Mwalimu aliyesema hafungui hata aje nani, kafungua kwa ajili ya paka, na ndiye alikuwa ananivuta uzi kutoka juu.

Nikakamata waya wa taa, nikapanda ngazi za nje mbili mbili, nikafika nahema. Seremala alikuwa anapigilia msumari wa mwisho. Nikamsihi afungue ubao tena, mara moja tu. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu akanitazama mimi, akiwa amemkumbatia Mkaguzi, uzi mweusi unaning'inia. Akasema neno moja tu. Akasema nje. Nikanywea, nikashuka. Ni neno lile lile aliloniambia darasa la nne, na niliitikia vile vile.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mama anakuja kesho. Taa haina mahali. Nimeifungua jana kwa ajili ya paka, leo nimeirudisha katikati, inaning'inia kando ya tundu ambalo hata mtoto angepita. Dari nzima ni kichungi. Matundu mengine nimeyaziba kwa karatasi iliyolowana na dawa ya meno. Kwa mbali huoni. Sebule nzima inanuka mdomo uliopigwa mswaki.

Nimekwenda tena kwa Fundi Kesho. Amesema kesho. Nimemwambia kesho ndiyo siku yenyewe. Akasema ndiyo, kesho.

Nikajaribu kukisogeza cherehani chini ya taa, kwa kuwa maji yamezidi unga. Nikasukuma. Kikakataa. Nikapiga magoti kuangalia. Miguu yake ya chuma imechimba vishimo vinne sakafuni, kila mguu na kishimo chake, kwa miaka yote ile ya Mama kukanyaga. Nikapitisha kidole kwenye kimoja. Sikuweza. Nikakaa pale chini, mahali pangu pa zamani, siku hizi naingia mpaka kiunoni tu, na nikamlilia Baba. Niandike ukweli, kitabu ni changu. Nimemkumbuka kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, viti vilikuwa pungufu, mimi ndiye nilikuwa natafuta viti.

Nataka Mama arudi. Si kwa sababu ya Shemeji. Nyumba hii haina sauti.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Wamefika kabla sijafagia. Dada, Mama, na Shemeji mwenyewe na futi mfukoni, sijui ya kupimia nini. Mama amekonda kidogo. Amevaa viatu vya raba alivyonunuliwa, vyeupe, havimfai. Nikampa shikamoo, akanishika kichwa akaniita Kitinda wangu, kama zamani. Kisha akatazama juu.

Shemeji alifungua mdomo, Dada akamkanyaga. Bonge moja la dawa ya meno likaanguka mezani.

Mama akauliza nani kafa huko juu. Nikamweleza yote, kutoka boriti mpaka paka. Nilisema nilitaka taa irudi juu ya cherehani ilipokuwa, ili akija akute pembe yake ina mwanga, akae. Dada akadakia kwamba taa ilikuwa mezani siku zote. Nikasema cherehani. Akasema meza. Tukaanza.

Mama akapiga kofi moja mezani, akasema sote tuko sawa na sote ni wajinga. Taa ilikuwa mezani mpaka tumalize kula. Kisha Dada alikwenda jikoni kuosha vyombo na kutoka hapo kitandani, kwa hiyo hakuona. Baba aliburuta stuli, akapanda, akafungua lile fundo la waya, akauvuta mpaka kule pembeni, akautundika kwenye kulabu, taa ikashuka juu ya cherehani. Asubuhi akaurudisha. Kila siku ya Mungu. Na kila jioni akishuka kwenye stuli alikuwa anasema, haya, upande wa pili kumekucha.

Nikasikia maneno yale kwa sauti ya Baba. Nilikuwa nayo kichwani miaka yote nikidhani ni ndoto. Nilikuwa chini ya cherehani, macho yamefumba, na mwanga ulikuwa unakuja juu yangu kweli, ukitembea. Machozi yalinitoka mbele ya Shemeji.

Mama akatazama pembeni, akauliza kulabu ya baba yenu iko wapi.

Akatazama taa, akauliza waya mbona mfupi.

Nikaenda nikaleta kopo la misumari. Nikaenda nikaleta ngazi, waya umefungwa miguuni. Mama alivitazama vitu vile viwili, akanitazama mimi, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba afariki. Shemeji akauliza kama anaweza kupiga picha. Mama akamwambia akafagie.

Kisha akapiga simu mwenyewe. Fundi Kesho alifika chai haijapoa. Kumbe mwenzangu anajua leo! Kasema Mama ndiye aliyemshonea kaptula yake ya kwanza ya shule, na haijawahi kuchanika. Akafungua waya kwenye ngazi, akaukagua, akauunganisha, akaifunga kulabu kwenye tundu lake la zamani nililokuwa nimeliziba kwa dawa ya meno. Alipomaliza akaniuliza kwa upole kama kuna kitu kingine nataka kuking'oa.

Jioni tulikula wote mezani, taa juu yetu. Tulipomaliza, Mama akaninyooshea kidole kwenye stuli. Nikaiburuta. Nikapanda, nikafungua fundo, nikauvuta waya, nikautundika. Mwanga ukahama. Meza ikaingia gizani, cherehani kikang'aa chote. Nilitaka kusema yale maneno. Dada ndiye aliyesema, polepole, huku anashika vyombo. Nikampa gololi. Akaitia mfukoni.

Mlango ukagongwa. Mwalimu. Miaka hii yote hajashuka ngazi zile kwa ajili yetu. Alikuwa na Mkaguzi mkononi. Kasema amesikia stuli ikiburuzwa chini. Kasema enzi zile akiisikia alikuwa anajua sasa aweke chini madaftari ya kusahihisha, siku imekwisha, na kwamba tangu mzee aondoke hajui siku inaisha saa ngapi. Mama akamkaribisha. Wakakaa chini ya taa, karibu karibu.

Mama alisema macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano, hata zikiwashwa taa kumi hatashona tena usiku. Kisha akasema kule kwa Shemeji taa zote sita zinawaka pamoja na kuzimwa pamoja, wala hakuna mtu anayehamisha kitu. Akamgeukia Shemeji akamshukuru sana, kwa heshima, akamwambia kitanda asinunue. Anarudi. Shemeji alisema sawa Mama, na nadhani aliumia kweli, maana aliizamisha futi mfukoni bila kunitazama. Mama akaongeza kwamba isitoshe, mtu huyu akiachwa peke yake na keekee, nyumba itatuangukia.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Wiki moja Mama yupo nyumbani. Saa ya ukutani inatembea. Ilihitaji kujazwa tu. Jioni naburuta stuli. Juu Mwalimu anakohoa kuonyesha amesikia. Kazini wamenipa pole ya shingo, nimeipokea.

Nimejifunza mengi. La kwanza, kabla ya kugusa kitu cha zamani, muulize mwenye nacho. Nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nimelibandika kwenye keekee.

Sasa, jana Mama amelalamika kwamba mlango wa jikoni unamletea upepo miguuni akiwa amekaa kwenye cherehani. Kasema tu, kama mtu anavyosema. Lakini mimi nimelisikia. Mlango ule ukihamia upande wa kushoto, upepo utapita mbali naye. Ukuta si mnene. Nimegonga, unaitika. Keshokutwa anakwenda kwa Dada kuchukua vitu vyake vilivyobaki, atarudi jioni. Muda unatosha. Mama asiambiwe.

Nimeanza matayarisho. Leo, alipotoka kwenda kwa Mwalimu, nimekagua fremu yote. Pale chini nimekuta kipande cha mbao kimepigiliwa kati ya mlango na sakafu, cheusi, kimelika, kimepakwa rangi mara nyingi hata karibu kisionekane. Sura mbaya. Nimeking'oa.